Bonaire kwa wapiga mbizi: inastahili sifa zake au tunalipia jina?

#1 Mkunga_Mweusi

Wakuu salaam,

Ukikaa na wapiga mbizi watatu ukataja Bonaire, utapata majibu matatu yanayogombana. Mmoja atakwambia hata arudi mara ngapi hachoki. Mwingine atakwambia alichoka siku ya tatu. Nimetoka huko karibuni, nimesoma mabishano mengi kabla na baada, na nina upande wangu: kwa Karibi, sijaona pa kupashinda. Nitaeleza sababu, halafu mwenye hoja ya kunipinga aje nayo.

Kwa wasiokijua, Bonaire ni kisiwa cha kilomita za mraba 288, kama kilomita 80 kaskazini mwa Venezuela. Ni sehemu ya Uholanzi. Tangu Oktoba 2010 kinahesabika kama manispaa maalumu ya nchi hiyo, ingawa fedha inayotumika ni dola ya Marekani. Mji mkuu ni Kralendijk. Kisiwa ni kikavu, madungusi na mbuzi kila upande, mvua haba na mito hakuna. Faida yake ndiyo hiyo: hakuna tope linaloshuka baharini. Kuona mita 25 au 30 mbele yako ni jambo la kawaida.

Hoja yangu kubwa ni uhuru. Pale hupigi mbizi kwa ratiba ya mtu. Unakodi pikapu, unapakia mitungi, unashika barabara ya pwani ya magharibi. Kandokando kuna mawe yaliyopakwa rangi ya njano, kila jiwe limeandikwa jina la kituo. Unaegesha, unavaa, unaingia majini kwa miguu yako. Unaogelea kidogo juu ya mchanga na matumbawe ya maji mafupi, ukifika kama mita 10 mwamba unakatika na kuteremka hadi mita 30 na zaidi. Vituo vya kuingilia kutoka nchi kavu ni zaidi ya 50. Ukitaka kuzama alfajiri, zama. Ukitaka saa tatu usiku, hakuna wa kukuuliza.

Kituo kilichonikaa moyoni ni Salt Pier, upande wa kusini, gati ambalo hadi leo linapakia chumvi. Meli ikiwa gatini huruhusiwi kuingia, kwa hiyo chungulia kwanza. Nguzo zimevikwa sponji za rangi ya machungwa na zambarau, na jua la jioni linapenya katikati yake. Kivulini wametulia makundi ya samaki wa michirizi ya njano, na mizia mmojammoja wamesimama bila kutikisika. Nilimkuta ng'amba chini ya nguzo moja akila sponji. Anang'ata, anavuta kichwa nyuma kwa nguvu, vipande vinatawanyika, na samaki wawili wapana wa kijivu waliokuwa wakimfuata wanavidaka kabla havijafika mchangani. Nilikaa pale mpaka geji ya hewa iliponiambia basi. Ningekuwa kwenye boti la kundi, kiongozi angeshanigongea mtungi zamani tuendelee.

Naomba kuwasilisha.

#2 Chewa_wa_Fundo

Mkuu Mkunga, nimekusoma vizuri na nakuheshimu, ila nakupinga.

Nimepiga mbizi Bonaire na nimepiga mbizi Pemba, nyumbani kwetu. Bonaire ni mahali pa samaki wadogo. Unaona samaki wengi, sawa, tena wazuri. Lakini papa ni wa kubahatisha, taa wakubwa ni wa kubahatisha, na ile mbizi ya kuangalia upande wa bahari kuu moyo ukidunda kwa sababu hujui nini kitatokea, haipo. Miamba yenyewe inafanana. Ukishateremka ule mteremko kwenye vituo kadhaa, vingine unaona umeshavijua.

Halafu tuseme ukweli wa maumbile. Karibi nzima ina aina za matumbawe magumu zipatazo 60 na kitu. Huku kwetu Bahari ya Hindi tunazungumzia mamia. Shuka ukuta wa Misali au mkondo wa Fundo siku maji yametulia, uone rangi. Mtu wa Amsterdam akisema Bonaire ni kileleni nitamwelewa, ndiyo bahari ya joto aliyopewa na historia ya nchi yake. Mtu wa Wete ataendaje kule mbali kutafuta alichonacho mlangoni?

#3 Mdau_Rotterdam

Naongezea upande wa mfuko, maana hapo ndipo ndoto nyingi hukwama.

Naishi Uholanzi, kwa hiyo kwangu ni ndege moja ya KLM kutoka Amsterdam, usiku huohuo niko Kralendijk. Anayetoka Dar au Nairobi ahesabu safari mbili ndefu. Kuna ushuru wa kuingia kwa mgeni, dola 75, ulioanza Julai 2022. Kuna ada ya mazingira kwa yeyote anayeingia baharini, nilipolipa mimi ilikuwa dola 40. Kuna kukodi gari, na gari hulikwepi, kwa sababu bila gari Bonaire ya mawe ya njano haipo. Chakula karibu chote kinakuja kwa meli, kwa hiyo bei ya nyanya itakushangaza.

La muhimu kuliko yote: Bonaire haimo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aulize ubalozi wa Uholanzi kuhusu viza ya Karibi kabla hajalipia chochote, hata kama tayari ana viza ya Ulaya. Asisikilize ya vijiweni.

Na wizi. Magari yanayoegeshwa kwenye vituo vya mbali hupekuliwa watu wakiwa chini ya maji. Wenyeji wenyewe watakwambia usifunge gari, acha vioo wazi na usiache kitu ndani, ili mwizi asipate sababu ya kuvunja. Rafiki yangu aliacha viatu na taulo la mtoto, alipotoka hakukuta hata taulo. Mkuu Mkunga kasifu uhuru, na nakubaliana naye, ila uhuru huo una gharama ya kuzama huku roho iko juu barabarani.

Pamoja na hayo nakwenda tena. Kwa anayeishi huku Ulaya, sijaona pengine ambapo familia nzima inaweza kuzama asubuhi na jioni bila kutegemea boti.

#4 Mwalimu_Nungwi

Shikamooni wakubwa, habari za asubuhi wadogo.

Mimi kazi yangu ni kufundisha mbizi Unguja. Naona watu wanalinganisha vitu viwili bila kutaja tofauti kubwa kuliko zote, nayo ni maji kujaa na kupwa.

Kwetu siku za bamvua maji yanapanda na kushuka kama mita 4. Pwani ya mashariki ya Unguja maji yakipwa unatembea mbali sana kwenye mwani na mawe kabla hujafika maji ya kiunoni. Mwamba uko kule nje, mawimbi yanapasukia juu yake, na kwenye mikato mikondo inakimbia. Ndiyo maana huku mbizi ni boti: nahodha lazima ajue saa, ajue mwezi, ajue kama ni kusi au kaskazi. Bonaire maji hayabadiliki hata nusu mita kwa kawaida. Upepo wao unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, na pwani ya magharibi inakaa kwenye kivuli cha upepo huo. Mwamba nao umeanzia pale pale ukingoni. Mambo hayo matatu yakikutana ndipo jiwe la njano linakuwa na maana. Hakuna mtu aliyebuni uhuru ule kwa akili yake, ni umbo la kisiwa.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini Unguja hatuna mbizi za kuingia kwa miguu namna ile, jibu siyo uvivu wetu.

Pia kisiwa kile kiko kusini mwa njia kuu ya vimbunga vya Karibi, kwa hiyo Septemba na Oktoba, wakati visiwa vingine vinafunga madirisha, kule watu wanazama. Lakini si kinga kamili. Novemba 1999 kimbunga Lenny kilipita mbali kaskazini kikielekea mashariki, kinyume na kawaida ya vimbunga, na mawimbi yake yakaipiga ile pwani ya magharibi inayotegemewa kuwa tulivu. Matumbawe ya maji mafupi yaliumia vibaya. Na pwani ya mashariki yao ni ya upepo na mawimbi siku zote, usiiendee bila mwenyeji.

Kwa hoja ya Chewa kwamba hakuna wakubwa: nenda usiku. Kuna samaki wa fedha, tarponi, wengine urefu wa mtu mzima, wamejifunza kuwinda kwa mwanga wa tochi za wapiga mbizi. Unamulika samaki mdogo kwenye mwamba, ghafla ubavu mrefu wa fedha unapita pembeni ya bega lako, na yule mdogo hayupo tena.

#5 Bint_Kilindini

Ndugu zangu, mnazungumza kama mwamba ule uko vilevile ulivyokuwa. Hauko.

Mimi nimesomea sayansi ya bahari, na kinachonisumbua kuhusu Bonaire ni ugonjwa wa matumbawe magumu, ule unaoua tishu. Uligunduliwa karibu na Miami mwaka 2014, ukasambaa Karibi kisiwa kwa kisiwa, na mwaka 2023 ukathibitishwa Bonaire. Si ugonjwa wa polepole. Unaanza na doa jeupe pembeni, doa linakuwa ukanda, na tumbawe la mviringo lililokua kwa miaka mamia linaweza kufa lote katika wiki au miezi. Ukilikuta katikati ya safari yake utaona pande tatu: upande ulio hai wa rangi ya kahawia, ukanda mweupe uliokufa karibuni, na upande wa kijani chafu ambao mwani umeshaukalia. Mwaka huohuo 2023 joto la bahari likapanda, matumbawe yakapauka. Mwamba mmoja ukapigwa mapigo mawili.

Kabla ya hapo, mwaka 1983 na 1984, Karibi ilipoteza karibu wale wanyama wote weusi wa miiba mirefu ambao ndio walikuwa wanakula mwani juu ya matumbawe. Hawajapona sawasawa hadi leo, na 2022 wakafa tena sehemu nyingi. Mwaka 2009 samaki simba, ambaye kwao ni huku kwetu, akafika Bonaire na kuanza kumaliza samaki wachanga.

Kwa hiyo mtu aliyepiga mbizi kule mwaka 1995 na aliyepiga mwaka jana hawazungumzii mahali pamoja, na nusu ya ubishi wa uzi huu naona umetoka hapo. Muulizeni kila anayesifu au kuponda: ulikwenda lini?

#6 Mkunga_Mweusi

Dada Bint, nimelisoma bandiko lako mara mbili. Yote uliyosema nimeyaona kwa macho yangu, hasa yale matumbawe ya mviringo. Kuna mahali kaskazini, karibu na Karpata, nilipita kimya.

Lakini nakuomba ulitazame na hili. Kisiwa kile kilianza kujilinda mapema mno. Uwindaji wa samaki kwa mshale ulipigwa marufuku 1971. Kuchukua matumbawe, 1975. Mwaka 1979 ikaanzishwa hifadhi ya bahari inayozunguka kisiwa chote pamoja na kile kidogo cha Klein Bonaire, kutoka alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60. Siyo kipande hapa na kipande pale, kisiwa kizima! Nanga hazitupwi kwenye mwamba, boti zinafungwa kwenye maboya. Mmarekani mmoja, Don Stewart, aliyefika 1962 kwa jahazi lake, anatajwa sana kwa kupigania maboya hayo. Glavu zimekatazwa ili usishike kitu. Kila mgeni, hata awe na leseni ya juu namna gani, lazima asikilize maelezo ya hifadhi na afanye mbizi ya majaribio kwanza. Hifadhi inaendeshwa na shirika la kisiwani, STINAPA, na ile ada ya dola 40 ndiyo inayoilisha.

Hapo ndipo nasimama, Chewa. Hukuona papa, sawa. Ila umeona samaki wa kawaida kwa wingi, pono, changu, mikunga, kasa, ambao hawakimbii binadamu. Samaki asiyekimbia ni samaki ambaye amezaliwa na kuzeeka bila kuwindwa na mtu wa chini ya maji. Kwangu hilo lina uzito kuliko kumwona papa mmoja kwa mbali. Na samaki simba uliyemtaja dada, wanamwinda kwa mkuki maalumu, na mwenye ruhusa ni aliyefunzwa tu.

#7 Mama_wa_Mikindani

Naomba niseme jambo ambalo halijaguswa.

Mume wangu hupiga mbizi, mimi naogelea juu kwa miwani na bomba. Tulikwenda vituo vya kusini, White Slave na Red Slave. Kaka zangu mmevitaja vituo vya kusini kwa samaki tu. Pale ufukweni, hatua chache kutoka watu wanapovalia mitungi, kuna vibanda vya mawe vilivyojengwa 1850 kwa ajili ya watumwa waliokuwa wakichimba chumvi. Mlango wake mtu mzima anaingia kwa kuinama mpaka magotini. Ndani hakuna nafasi ya kusimama. Waliolala humo walikuwa watu wa asili ya Afrika, mali ya serikali ya Uholanzi, na mwisho wa juma walitembea kwa saa nyingi hadi kijiji cha Rincon kaskazini kuona wake na watoto wao. Waholanzi walifuta utumwa katika makoloni yao ya Karibi mwaka 1863.

Chumvi bado inavunwa hapohapo. Mabwawa ni ya rangi ya waridi, heroe wanatembea ndani yake, chumvi imerundikwa milima meupe, na kule mbele ndiyo Salt Pier ya Mkunga.

Mimi nimekulia pwani ya kusini ya Tanzania, nimeona Kilwa, nimeona Bagamoyo. Niliingiza kichwa kwenye kibanda kimoja, joto la jua lilikuwa limeshikwa na mawe. Siku ile sikuingia majini. Sisemi watu wasipige mbizi pale. Nasema Mwafrika akienda, asipite vibanda vile akikimbilia maji. Aingie kwanza.

#8 Chewa_wa_Fundo

Mama, ahsante. Nilipita pale na nilisimama pia.

Mkunga, kwa hoja ya hifadhi nakupa haki yako. Huku kwetu wengi tumekua tukisikia baruti zikilipuka baharini, tunajua mwamba uliopigwa baruti unavyokuwa: kifusi tu, hakuna pa samaki kujificha. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianza 1995, Chumbe kabla yake kidogo. Wenzetu walikuwa wameshatangulia miaka mingi.

Ila bado hujanijibu kuhusu mbizi yenyewe. Naomba kituo kimoja ambacho Pemba hakina jibu lake.

#9 Mwalimu_Nungwi

Naomba nijibu mimi: Hilma Hooker.

Ni meli ya mizigo ya mita 72. Mwaka 1984 ilifika Kralendijk ikiwa na hitilafu, wakaguzi wakaipekua wakakuta bangi ya tani nyingi. Ikashikiliwa, ikakaa bila mwenye kuja kuidai huku ikiingiza maji, na Septemba 12 mwaka huohuo ikapinduka na kuzama. Leo imelalia ubavu wa kulia kwenye mchanga, sehemu ya chini kabisa kama mita 30, sehemu ya juu kama 18. Unaifikia kwa kuogelea kutoka ufukweni. Meli kubwa kiasi hicho, nzima, bila boti, kwenye maji ambayo unaiona yote kwa jicho moja ukiwa juu yake. Wakati unarudi unapanda taratibu kwenye mwamba, na ile simama ya usalama kabla ya kutoka majini unaifanya kwenye kina cha mita 5 ukiangalia samaki.

#10 Leseni_Mpya

Wakuu, mimi nina leseni ya mwanzo, nimezama Mnemba na Kisite. Mwaka ujao nitakuwa Uholanzi kimasomo na nimeanza kuweka akiba. Nimesoma yote. Niende Bonaire, au nihifadhi hela nije nimalizie Mafia kwa papa potwe?

#11 Mwalimu_Nungwi

Mdogo wangu, kama utakuwa tayari uko Uholanzi na viza imekaa sawa, nenda Bonaire. Papa potwe wa Mafia wanaonekana kati ya Oktoba na Machi, watakusubiri ukirudi nyumbani.

Lakini sikiliza. Uhuru wa kule ni mzuri kwa anayejua kujiongoza. Mpiga mbizi mpya aliyezoea kumfuata kiongozi Mnemba hajawahi kusoma dira mwenyewe wala kupanga hewa ya kwenda na kurudi. Siku mbili za kwanza lipa mwongozaji. Anza na vituo vya karibu na mji kama Bari au Something Special, siyo kusini kabisa. Hilma Hooker iache mpaka uwe na mafunzo ya kina kirefu, leseni ya mwanzo inaishia mita 18. Chukua viatu vya soli ngumu, maana kuingia ni juu ya mawe na matumbawe yaliyokufa, na wengi huumia kifundo pale badala ya chini ya maji. Ingia dhidi ya mkondo, rudi nao. Hewa ikifika nusu uwe umeshageuka.

Pale kila mtu anazama mara tatu au nne kwa siku kwa sababu hakuna wa kumzuia. Naitrojeni inajikusanya mwilini. Ndiyo maana wengi hutumia nitroksi, hewa yenye oksijeni zaidi na naitrojeni pungufu, nawe jifunze kuitumia kabla ya kwenda. Chumba cha mgandamizo, cha kutibu walioumizwa na naitrojeni hiyo, kipo kisiwani, ila usiwe mgeni wake. Baada ya mbizi ya mwisho subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

#12 Bint_Kilindini

Naongeza moja tu kwa Leseni_Mpya. Vifaa vyako ulivyozamia Mnemba na Kisite, visafishe kwa dawa na uvikaushe kabisa kabla ya safari, na ukiwa kule fuata utaratibu wa kuvitibu kati ya kituo na kituo. Tone la maji ndani ya jaketi la kuzamia linatosha kubeba vijidudu. Na ukirudi pwani yetu, rudia tena.

#13 Chewa_wa_Fundo

Hilma Hooker nimeikubali, Mwalimu. Hiyo Pemba hatuna.

Leseni_Mpya, ukirudi nitafute kwa ujumbe wa faragha. Nitakupeleka Misali maji yakiwa mafu, halafu uje hapa useme mwenyewe.